Taa ya Jicho Moja Kwenye Barabara ya Sake

Ninyi mnaoanza kufundisha sayansi katika shule zisizo na maabara, sogeeni kidogo. Sauti yangu siku hizi haifiki benchi la nyuma. Daktari mmoja wa Goma alilichungulia koo langu kwa taa ndogo, akasema chaki na kelele vimemaliza kazi yao, na kwamba nikitaka kuendelea kusema na watu nyumbani, niache kusema na watu darasani. Ndiyo maana nimestaafu nikiwa bado na meno yangu yote, jambo linalowafanya majirani waamini kwamba nilifukuzwa.

Nilifundisha fizikia juu ya kilima kimoja karibu na Nyabiondo. Fizikia, na jiografia kila mwalimu wake alipokosekana, na safari moja dini, mpaka padri aliposikia. Lakini mkiwauliza waliopita mikononi mwangu watawaambia: yule alitufundisha nyota. Si kwamba nilizijua sana. Nilizisomea Kisangani, katika kitabu ambacho kurasa zake za picha zilikuwa zimekatwa na mtu aliyezipenda kuliko mimi. Kwa miaka mingi nilizijua nyota kama mtu anavyomjua mchumba wa barua.

Nitawaeleza jinsi wataalamu wanavyozipanga, kwa sababu mtaulizwa. Na nitawaeleza habari ya Zawadi, msichana wa darasa la tano la sekondari, kwa sababu somo hilo lilimgusa yeye kuliko lilivyonigusa mimi. Baba yake alikuwa amekwisha kuamua: Pasaka ikifika, Zawadi anaacha shule yetu na kwenda Butembo kukaa dukani kwa baba yake mkubwa.

Lakini anzeni na rangi. Watoto wa Masisi watawaambia kwamba nyota nyekundu ndiyo yenye joto kuliko zote, na ya buluu ni baridi. Msiwacheke. Wamekua wakiliona anga la upande wa volkano likiwa jekundu jioni, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba volkano ni kitu cha uvuguvugu. Buluu nayo wanaijua vizuri: ni rangi ya vilima asubuhi, saa ambayo vidole vinakataa kufunga kifungo cha shati.

Mara ya kwanza niliwaandikia kanuni ubaoni. Waliinakili kwa mwandiko mzuri sana. Nilipouliza nyota ipi ina joto zaidi, darasa zima liliitika: nyekundu! Nilikwenda kulalamika kwa Mwalimu Deo, mwenzangu mkubwa, aliyefundisha hesabu na kutengeneza redio za kilima kizima.

"Uliwaandikia joto?" akaniuliza.

"Niliwaandikia."

"Joto haliandikwe, ndugu yangu. Leta mbabula."

Mbabula ni jiko letu la makaa. Tuliliweka mbele ya darasa, madirisha wazi, na Deo akaanza kulipepea kwa kifuniko cha sufuria. Makaa yalikuwa mekundu ya kiza. Yakapata upepo, yakawa ya machungwa. Akaongeza, katikati pakawa manjano. Kisha akawauliza ni nani amepita Sake karibu na fundi wa kuchomelea vyuma. Wote. Cheche zake zina rangi gani? Nyeupe, Mwalimu, ya kuelekea buluu. Na nani anathubutu kuzitazama? Hakuna. Deo akanirudishia kifuniko cha sufuria na kwenda zake. Tangu siku ile sikusikia tena kwamba buluu ni baridi, isipokuwa kwa perefe, mkuu wetu wa shule, ambaye hakuwepo.

Nyota nazo ni hivyo hivyo. Ya buluu ndiyo kali, nyeupe inafuata, kisha manjano kama jua letu, kisha machungwa, na nyekundu mwisho. Wataalamu wamezipa herufi, kutoka kali hadi pole: O, B, A, F, G, K, M. Jua letu liko kwenye G, halina la kujivunia wala la kuonea haya. Mtaulizwa mbona herufi zimevurugika. Jibu ni kwamba hapo mwanzo zilikuwa zimepangwa vizuri, A, B, C, kwa kufuata jinsi alama za hidrojeni zilivyoonekana katika mwanga wa nyota. Baadaye ikajulikana kwamba mpango unaofaa ni ule wa joto. Herufi nyingine zikatupwa, zilizobaki zikahamishwa, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuandika upya kila kitu. Aliyewahi kuona ofisi ikihama jengo na kibao kikabaki hatashangaa.

Wanafunzi wangu walizikariri kwa njia yao. Darasani alikuwemo Obedi, kijana ambaye sahani haikumshinda. Wenzake wakatunga: Obedi Bila Aibu: Fromaji, Gato, Kuku, Mbuzi. Fromaji kwetu ni jibini, na gato ni keki. Obedi alikuja kunishtaki.

"Mwalimu, hawa banasema minakula mbuzi nzima."

"Unakula?"

"Sinaye."

Nikamwambia kwamba jina lake limeingia katika sayansi kwa njia fupi kuliko ya watu wengi. Hakufurahi.

Hizo alama za hidrojeni nazo msiziruke kwa sababu hamna chombo. Tafuteni katoni ya viatu na kipande cha CD ya kwaya iliyokwaruzika. Kateni mwanya mwembamba kwa wembe upande mmoja, tundu la jicho upande mwingine, CD ndani kwa mshazari. Elekezeni kwenye anga la mchana, msielekeze kamwe kwenye jua lenyewe. Macho ya watoto hayana vipuri. Mtaona rangi zimetandikwa kama kanga, na mwanya ukiwa mwembamba vya kutosha, na mkiwa na subira, mtaona mistari myeusi myembamba imezikata. Kila mstari ni elementi fulani iliyoko kwenye jua, inanyakua rangi yake na kuacha pengo. Hivyo ndivyo mtu asiyeondoka kwenye kiti chake anavyojua nyota imeumbwa kwa vitu gani. Katoni yangu ya kwanza ilionyesha kidole changu tu. Ya pili ilikuwa nzuri.

Sasa Zawadi. Alikuwa binti wa Papa Kambale, mfanyabiashara aliyetoka pande za Butembo na kufungua duka Nyabiondo. Papa Kambale alikuwa pia na lori aliloliendesha mwenyewe, akipeleka maharagwe Sake na kuleta mawese kutoka Walikale. Zawadi hakuwa mwanafunzi mpole. Alikuwa haamini kitu mpaka akigeuze chini juu, kama mama anayenunua samaki.

Jioni moja, kabla giza halijakaza, nilikuwa nawaonyesha wale wa bweni kundi la Orioni, ambalo kwetu hupita juu ya kichwa kabisa. Bega lake moja ni jekundu, jina lake Betelgeuse. Mguu wake ni wa buluu-nyeupe, jina lake Rigel. Nikasema: mnaona, bega ni la baridi, mguu ni wa joto.

"Mwalimu," akasema Zawadi, "kama nyekundu njo baridi, sababu gani hili bega linaangaza hivi? Lingefifia."

Nikajibu kwamba ni swali zuri, maneno ambayo mwalimu huyatumia anapotafuta mlango.

Mlango nilionyeshwa na Deo tena. "Rangi imekwambia joto," alisema. "Haikukuambia ukubwa. Ukubwa uutafute kwa kuuliza: iko wapi?"

Kaka yake Obedi alikuwa na pikipiki kuukuu ambayo betri yake ilikuwa imekufa. Taa yake iliishi kwa nguvu ya injini: akikaza gesi inakuwa nyeupe, akiachia inafifia na kuwa nyekundu kama kaa la mbabula. Mtu asingeweza kutengeneza chombo bora cha kufundishia. Tukamwomba jioni avuke bonde, asimame kwenye kona ya mikaratusi, ambako barabara ya kwenda Masisi na Sake inaonekana vizuri kutoka shuleni. Sisi tukapanga mstari kwenye ukingo wa kiwanja.

"Munaniona?" sauti ikaja kutoka ng'ambo.

"Hatukuone!"

"Niko hapa!"

"Kaza gesi!"

Akakaza, na nukta nyeupe ikachomoza. Akaachia, akatoweka. Akakaza, akaachia, akatoweka tena, mpaka akatutukana, kwa sababu mafuta yalikuwa yake. Lakini chini ya mikaratusi ile ile mkulima mmoja alikuwa anachoma magugu. Moto wake ulikuwa mwekundu, mwekundu kweli, nao tuliuona wakati wote bila shida.

Zawadi aliutazama kwa muda mrefu. "Taa iko nyekundu na haionekane," akasema polepole. "Magugu iko nyekundu na inaonekana. Yote iko pa fasi moja. Basi magugu ni mapana."

Hiyo ndiyo nusu ya pili ya mpango wa nyota, na sijawahi kuisema vizuri zaidi. Rangi inakuambia joto. Ukishajua pia umbali, mwangaza unakupa ukubwa. Betelgeuse ni ya uvuguvugu, lakini ni pana kiasi kwamba ikiwekwa mahali pa jua ingetumeza sisi na njia yetu yote. Wataalamu huiita jitu kuu. Na nyota nyekundu ndogo, zile wanazoziita vibete, ndizo nyingi kuliko zote angani, lakini hakuna hata moja inayoonekana kwa macho matupu. Ziko kama kaka yake Obedi: zipo, zinapiga kelele, hakuna anayeziona.

Papa Kambale alikuja kwangu Jumapili moja baada ya misa. Alikaa, akaiweka kofia juu ya goti.

"Mwalimu, Zawadi ananiambia munapanga nyota."

"Ndiyo, Papa."

"Mukisha kuzipanga, munazipeleka wapi?"

Hapo ningesema jambo fupi. Badala yake nilitoa hotuba. Nilisema juu ya nuru, juu ya asili ya chuma kilichomo katika damu yetu, nikatumia neno "ubinadamu" zaidi ya inavyofaa nyumbani kwa mtu. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mtu anayeuza bidhaa asiyoihitaji, kwa heshima ya mwenzake wa kazi.

"Iko muzuri," akasema nilipokwisha. "Mimi maharagi nikisha kuyapanga, ya manjano inaenda Goma. Sasa sikia. Yaya yangu, baba yake mukubwa wa Butembo, macho imeanza kumukatala. Anatafuta muntu wa damu mule dukani. Zawadi atasoma komersiale, mambo ya biashara, kule, asubuhi masomo, mangaribi duka. Hapa akimaliza, atapanga nyota za nani?"

Katika wote waliomaliza sayansi kwetu hakuna aliyekuwa amefika chuo kikuu, jambo ambalo nilikuwa nimeliacha nje ya hotuba. Papa Kambale hakuwa mtu mbaya, wala hesabu zake hazikuwa mbaya. Ndilo lililoniudhi.

Zawadi aliniambia maneno machache tu: "Mwalimu, mi sikatae duka. Nakatala kuachia katikati."

Likizo ya Pasaka ilipoanza niliomba nafasi kwenye lori la Papa Kambale, niende Goma kwa ajili ya koo ambalo lilikuwa limeanza kunifanyia mgomo. Hivyo tulikaa watatu mbele: yeye kwenye usukani, Zawadi katikati, mimi mlangoni. Valisi ya Zawadi, sanduku lake la nguo, ilikuwa juu, imefungwa kwa kamba juu ya magunia. Mpango ulikuwa tulale Masisi, asubuhi tushuke Sake, na pale njiapanda apandishwe basi la Goma, na kutoka Goma lile la Butembo.

Mvua ilichelewesha upakiaji. Wakati huo barabara ilikuwa imetulia kidogo, na mtu aliweza bado kuthubutu kuendesha mpaka kiza kinaingia. Tulipofika mahali ambapo barabara inaanza kuteremka bondeni, chini ya shule, Orioni ilikuwa imetoka na ng'ambo hakukuonekana tena miti, ila umbo la kilima.

Lazima muelewe mahali pale. Juu kuna sehemu pana ambapo magari mawili yanaweza kupishana. Ukisha kuiacha, unaingia chini penye upana wa lori moja, ukuta wa udongo kushoto, bonde kulia, tope katikati. Ukikutana huko na lori jingine lenye mzigo, mmoja wenu lazima arudi nyuma kwenye tope akitazama bonde kwa kioo. Kwa hiyo kila dereva anapofika pale juu anatazama ng'ambo kwanza. Akiona taa ya lori, anangoja. Akiona pikipiki, anateremka.

Ng'ambo palikuwa na taa moja. Ndogo, ya manjano iliyochoka.

"Pikipiki," akasema Papa Kambale, akaingiza vitesi, yaani gia.

"Papa, ngoja," akasema Zawadi.

"Ningoje nini? Taa moja, betri yenye kufa. Nimeanza hii barabara mbele uzaliwe."

"Iko wapi?"

"Nini iko wapi?"

"Ile taa, Papa. Iko fasi gani?"

Akatazama. "Kwenye mikaratusi."

"Angalia inapokata kona. Anaachia gesi. Inakuwa nyekundu, siyo?"

"Njo nakuambia, betri."

"Lakini tunaiona."

Papa Kambale aligeuza kichwa. "Zawadi, kama ni masomo, likizo imeanza."

"Pikipiki ikikuwa nyekundu vile, pale kwenye mikaratusi haionekane. Tulipima. Kaka ya Obedi alipotea kabisa, akatutukana. Hii imekuwa nyekundu na bado tunaiona. Basi taa yake ni pana. Ni kamio, Papa. Kamio ya jicho moja."

Kamio kwetu ni lori. Mguu wa Papa Kambale ulikuwa bado juu ya breki.

"Mwalimu," akasema bila kunitazama, "weye unasema nini?"

Nilikuwa na shahada. Nilisema inategemea.

Papa Kambale akapuliza hewa puani. Tuliitazama ile taa ikiingia kona nyingine, ikawa nyekundu, haikutoweka. Zawadi alikuwa ameshikilia magoti yake kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba anaogopa, na si bonde alilokuwa anaogopa. Kama pikipiki ingetokea pale, safari nzima mpaka Sake ingekuwa ya kusikiliza jinsi baba yake alivyokuwa sahihi.

Papa Kambale aliliweka lori kwenye ile sehemu pana na kuzima injini. "Imepata joto," akasema. "Ipumuzike."

Injini haikuwa na joto. Tulikuwa tumetoka sasa hivi.

Tulingoja. Taa ikashuka, ikapotelea chini bondeni, na kwa muda hatukuona kitu. Kisha tukasikia: si mlio wa pikipiki, ni mngurumo mzito wa kitu kinachopanda kwa vitesi vya chini. Likatokea lori limejaa ndizi na watu juu ya ndizi, taa ya kushoto inawaka rangi ya mawese, ya kulia haina hata kioo. Dereva wake alisimama ubavuni mwetu na kutoa kichwa.

"Ah, Papa Kambale! Mungu ni mwema! Nilikuona huku juu, nikasema ile ni pikipiki, nikaingia tu!"

"Pikipiki namna gani? Mimi?"

"Si uko na jicho moja!"

Papa Kambale alishuka, akazunguka mbele ya lori lake. Taa ya kulia ilikuwa imekufa, pengine tangu Walikale. Alisimama mbele yake kwa muda, mikono kiunoni. Watu waliokuwa juu ya ndizi wakamshauri mambo mengi kwa wakati mmoja.

Aliporudi kwenye kiti hakuwasha injini mara moja.

"Mwalimu, ile ya nyekundu na pana, ni weye ulimufundisha?"

"Mimi nilileta pikipiki tu, Papa. Mengine alisema yeye."

Akawasha injini. Mpaka Masisi alizungumza juu ya bei ya ampulu, balbu za taa.

Asubuhi Sake ilikuwa kama kawaida yake: kabichi, fromaji, mabasi yanaita Goma, Goma, na yale ya Minova yanaita kwa sauti kubwa zaidi. Zawadi alisimama kando ya lori akiwa amevaa koti lake la safari. Papa Kambale alipanda mwenyewe juu ya magunia, akafungua kamba, akaishika valisi, kisha akaiacha pale pale juu na kutoa simu mfukoni. Akampigia ndugu yake, kwa sauti ambayo soko lote lilishiriki.

"Yaya, habari ya macho? Pole. Sikia, yule mutoto sitamutuma. Hapana, hagonjwe. Anabisha. Nakwambia anabisha! Ukimuweka dukani atafukuza baclients bote, muntu ataomba kilo ya sukari, atamuuliza iko wapi. Nitakutumia mudogo wake, yule iko mupole." Akasikiliza kidogo. "Ah, huyu amalize tu kule kwa wabishi wenziwe. Butembo haikimbie."

Akaifunga tena ile kamba. Kwa Zawadi alisema neno moja tu, kwamba apande akae, gari haikuje kulala hapa.

Sikuwaambia haya ili mfikiri kwamba nyota hulipa. Zawadi hakuwa mtaalamu wa nyota, hakuna aliyemwita. Alimaliza, akasomea ualimu wa fizikia Goma, na sauti iliponiisha ni yeye aliyepewa darasa langu. Mmoja wenu, kwa hiyo, anaweza kuwa anakaa karibu naye sasa hivi.

Majuzi alikuja kunilalamikia. Pikipiki za siku hizi zina taa nyeupe za kisasa ambazo hazina uzi wa kuwaka ndani. Ukaze gesi, uachie, rangi ni ile ile. Somo limeharibika. Nikamwambia kwamba kila kizazi kina shida zake na kwamba mimi nimestaafu. Alitafuta ampulu ya zamani soko la Sake, akamfungia Obedi, ambaye siku hizi naye anaendesha pikipiki na amenenepa kama ilivyotabiriwa.

Jioni ile nilikaa nyumbani kwangu, mlango wazi. Kutoka ng'ambo ya bonde, upande wa mikaratusi, ikaja sauti ya mtu mzima aliyeudhika: "Munaniona?"

Na darasa zima, mpaka benchi la nyuma: "Hatukuone!"